Ya Choya

Katikati ya miaka ya tisini nilirudi nyumbani Ifakara nikiwa na shahada ya kilimo, sanduku moja la bati, na tabia ya kufikiria jambo moja mpaka linachakaa. Miaka michache kabla yetu, mhitimu wa kilimo alipangiwa kituo cha kazi hata kabla hajarudisha joho. Sisi tuliambiwa tuandike barua za maombi. Niliandika. Kila nilipotoka posta nilirudi nikijiuliza kama nilikuwa nimeandika "nipo tayari" au "niko tayari", na ipi kati ya hizo ingemuudhi mwajiri.

Mama alikuwa na shamba Katindiuka, pembeni ya mji. Sehemu kubwa ilikuwa mpunga, na kwenye kiinuko kisichofikiwa na maji alipanda choya, ambayo wengine huiita rozela. Ua lake likidondoka hubaki kikombe chekundu chenye uchachu, na hicho ndicho tunachokausha na kuchemsha kuwa juisi ya wageni. Mwaka ule choya ilizaa kupita kiasi. Magunia matatu yalikaa chumba cha nyuma, na chumba hicho ndicho nilichokuwa nalala. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwa wiki mbili jinsi ya kutengeneza mvinyo wa matunda. Nisidanganye kwamba nilikuwa na ndoto. Nilikuwa na choya, na nilikuwa na muda.

Nilichemsha, nikachuja, nikatia sukari, nikangoja ipoe, nikatia amira. Amira yenyewe ilikuwa ya mandazi, ya dukani, kwa sababu ile ya mvinyo niliyoisoma chuoni haikupatikana Ifakara wala Morogoro mjini. Kila kifuniko cha ndoo nilikitoboa tundu, nikapitisha mpira wa dripu niliopewa na muuguzi wa zahanati, na ncha ya pili nikaitumbukiza kwenye chupa ya maji ili hewa itoke bila nyingine kuingia. Mapovu yalipoanza kusikika, mama alikuja akasimama mlangoni.

"Hiyo inapumua?"

"Inapumua, mama."

"Mradi isiwe pombe."

Mama hakuwahi kuweka pombe chini ya paa lake. Alikuwa kiongozi wa akina mama wa jumuiya yetu, na kila Alhamisi alifagia kanisa. Nililifikiria jibu kwa wiki nne, muda uleule ambao mapovu yaliuhitaji mpaka yakakoma.

Chupa niliomba kwa majirani, za kila umbo, nikazichemsha. Vizibo nilichonga kwa magunzi ya mahindi, nikavivisha nailoni na kuvizungushia nta. Nta hiyo ilitoka kwenye vipande vya mishumaa ya altareni ambavyo mama alipewa kila alipofagia. Nakumbuka nilijipongeza kwa kutotupa kitu. Sikulifikiria zaidi ya hapo, na ni ajabu, maana nadhani ndilo jambo pekee mwaka ule ambalo sikulifikiria zaidi.

Shida ilikuwa ndugu. Kila aliyeonja alikuwa ndugu au jirani aliyekuwa kama ndugu, na wote walisema neno moja: nzuri. Walilisema kabla hawajameza. Mama mwenyewe hakuonja, lakini aliwasikiliza akitabasamu. Baba mdogo, aliyekuwa karani kwenye mashamba ya miwa upande wa Kidatu, alikunywa bilauri nzima, akaiweka chini na kusema, "Nzuri, mwanangu. Haya, sasa tuzungumze kazi."

Alikuwa amenitafutia nafasi ya karani wa stoo hukohuko kwenye miwa. Barua alikuwa nayo. Kazi ilikuwa ya heshima, na kukataa bila sababu kungekuwa utovu wa adabu. Mimi sikuwa na sababu. Nilikuwa na neno "nzuri" lililosemwa na watu walionibeba mgongoni. Nilichotaka ni mtu mmoja asiyenijua anywe, kisha nimwone uso.

Bahati nzuri binti wa shangazi yangu alikuwa anaolewa kijiji cha Mbingu, na upande wa bwana harusi ulikuwa unatoka mbali. Nikamwambia baba mdogo nitapeleka chupa kumi na mbili. Wageni wale wakinywa na kuongeza, nitabaki na ndoo zangu. Wakiziacha kwenye glasi, Jumatano inayofuata nitaripoti stoo.

"Sawa," alisema. "Lakini barua naitia mfukoni. Na yenyewe itakuja harusini."

Ilibaki lebo. Nilitumia siku nyingi kwenye neno la kwanza la lebo kuliko nilizotumia kuchagua chuo. "Pombe" haikuwezekana, mama angezitoa ndoo uani. "Mvinyo" nililipenda, lakini kwa wazee wetu neno hilo lilinuka vitu vikali vinavyonywewa kwa kificho, na hata kwenye masomo ya kanisani mvinyo ndio ulioleta ugomvi. "Kinywaji" lilikuwa sawa na kuandika "chakula" kwenye mfuko wa mchele. Ikabaki "divai". Lilikuwa neno safi. Nilimtajia mama, naye akasema, "Hilo ni neno zuri," kwa sauti ambayo ningepaswa kuisikiliza vizuri zaidi.

Dada mpiga chapa karibu na soko alinichapia lebo kumi na mbili. DIVAI alilichapa kwa herufi kubwa, akaliacha peke yake mstari wa juu. Chini yake, kwa herufi ndogo, ya choya, Ifakara. Katikati nilichora kwa mkono kikombe chekundu cha choya kikiwa na shina lake, kimesimama wima. Nilichora vizuri. Leo nikiitazama ile iliyobaki, naona wazi kwamba nilichora kalisi, kikombe cha misa.

Siku ya Alhamisi jirani yetu aliyekuwa anapanda treni kwenda Mbingu alizibeba kwenye kapu lenye pumba za mpunga, pamoja na kijikaratasi changu kwa shangazi: "Hizi ni za harusi. Ziwekwe mahali pa baridi, zisitikiswe." Mimi, mama na baba mdogo tulifuata kwa basi Jumamosi asubuhi. Barabara ilikuwa na matope, tukakwama mara mbili, na tulipofika misa ya harusi ilikuwa imekwisha kuanza. Tulijipenyeza benchi la nyuma. Sikupata hata nafasi ya kuonana na shangazi.

Wakati wa matoleo ngoma ililia, na akina mama wakaanza kuja kutoka mlangoni kwa kucheza, hatua mbili mbele, moja nyuma. Wa kwanza alibeba ungo wa mchele. Akafuata mwenye mkungu wa ndizi, kisha wawili wenye majogoo. Nyuma yao wakaja akina mama sita waliovaa sare, kila mmoja na sinia kichwani, juu ya sinia kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa chupa mbili.

Nilizitambua kwa urefu wao usiolingana.

Zilipita karibu yangu kiasi kwamba ningeweza kunyoosha mkono. DIVAI. DIVAI. Watu walipiga vigelegele. Nilihesabu njia za kuizuia safari ile, na zote zilianza na mimi kusimama katikati ya kanisa na kusema neno, na sikujua neno lenyewe lingekuwa lipi. Zilifika altareni. Padri, mzee mwenye miwani, alipokea sinia la kwanza, akaisoma lebo, akanyanyua nyusi, akapokea la pili.

Mama alinishika mkono. Macho yake yalikuwa na machozi.

"Kumbe," alininong'oneza. "Ndiyo maana uliandika divai. Mbona hukuniambia?"

Nikasema, "Ee, mama." Sijui nilikuwa najibu nini.

Baada ya misa shangazi alinikumbatia kwa furaha yote. Alinieleza kama mtu anayetoa ripoti ya kazi iliyofanywa sawasawa. Jirani alimletea kapu. Alifungua, akaona divai, akaona kalisi, akanusa nta ya altareni kwenye vizibo. Karatasi ikasema ni za harusi na ziwekwe mahali pa baridi. Na Mbingu nzima, mwanangu, hakuna mahali pa baridi kama sakristia, kile chumba cha padri nyuma ya altare, kuta zake za mawe. Basi akapeleka. Ningemlaumu kwa lipi? Nilikuwa nimemwandikia maelekezo kamili ya jambo ambalo sikulikusudia.

Padri aliniita sakristia. Mama alinifuata, akasimama mlangoni.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina." Alikuwa ameinua chupa moja kwenye mwanga wa dirisha. "Hii imetoka jimbo gani?"

"Katindiuka, Padri."

"Ina zabibu?"

"Hapana, Padri. Ni choya."

Alicheka mpaka akatafuta kiti. "Binti, ya misa lazima iwe ya zabibu. Ningeimimina hii kalisini, mimi na askofu tungekuwa na maongezi marefu." Akafuta miwani. "Sasa niambie ukweli. Ulitaka zije huku, au kuna mtu amekosea njia? Nikurudishie? Sherehe bado haijaanza."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Wageni wa upande wa pili walikuwa nje wanakaa kwenye viti, watu ambao hawakunijua, mia na zaidi. Nilimtazama padri, nikamtazama mama. Mama alikuwa ameshika rozari yake kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa ule wa dakika chache zilizopita.

"Hapana, Padri," nilisema. "Zimekwisha kutolewa."

"Basi kesho zitaingia mnadani pamoja na majogoo."

Kwenye sherehe kulikuwa na soda, kulikuwa na pombe ya mchele iliyoletwa na upande wa bwana harusi, na meza kuu ilikuwa na maua ya karatasi mahali nilipokuwa nimepangia chupa zangu. Baba mdogo alikuja na sahani ya pilau akaketi karibu.

"Divai yako iko wapi?" aliuliza, kama vile hakuiona ikipita.

"Imekwenda kanisani."

"Yenyewe imeitwa upadri," alisema. "Na wewe umeitwa stoo." Akagusa mfuko wa shati. Alikuwa anatania, lakini mfuko ulikuwa na barua kweli. Nilikula pilau ile nikiwaza kama karani wa stoo huruhusiwa kuweka ndoo nyuma ya ofisi.

Kesho yake, misa ya Jumapili ilipokwisha, mnada ulifanyika mbele ya kanisa. Mnadi alikuwa katekista, mtu mwembamba mwenye sauti ya watu watatu. Aliuza mchele, ndizi, na majogoo, akimsifu kila jogoo kwamba ndiye aliyeamsha parokia. Kisha akafika kwenye chupa. Aliinua ya kwanza, na nikaona kwamba mtu alikuwa amepitisha kalamu ya wino juu ya neno DIVAI, mistari mitatu minene, kwenye kila lebo. Ilibaki "ya choya, Ifakara".

"Haya," alisema. "Padri ameagiza kwamba hii si divai. Nimefuta mwenyewe. Kwa hiyo ni... ni ya choya. Nani anataka ya choya?"

"Nini ya choya?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Ya choya!"

"Tumesikia ya choya. Nini?"

"Wewe nunua, ukifika nyumbani utamalizia mwenyewe!"

Watu walicheka, mikono ikaanza kunyooka. Mama mmoja mnene, mwenye kanga iliyofungwa kiunoni kama mtu anayerudi kazini muda si mrefu, alizipata chupa mbili. Akataka kufungua palepale. Katekista akaruka. "Si hapa, mama! Huu ni uwanja wa kanisa!" Akazitia kwapani na kuondoka. Zilizobaki nazo zikachukuliwa moja moja, zikasambaa kwenye vichochoro vya Mbingu, na hakuna hata moja niliyoiona ikifunguliwa. Nilikuwa nimepata watu kumi na mmoja nisiowajua, na sikuwa na uso hata mmoja.

Treni ya kurudi ilichelewa, kama kawaida yake. Tuliketi kwenye banda la mama lishe jirani na stesheni, mimi, mama na baba mdogo, tukaagiza wali na kambale. Mwenye banda alipogeuka na sahani nikamtambua: ni yule mama wa mnadani. Nyuma yake, juu ya rafu, kati ya chumvi na mafuta ya kula, zilisimama chupa zangu mbili. Moja ilikuwa imefika nusu.

Hakunijua. Alikuwa anagombana na mteja wake, fundi mmoja wa reli aliyekuwa na bilauri mkononi.

"Aliyeitengeneza hii ana haraka," alisema mama lishe.

"Umejuaje?"

"Nusa. Husikii mandazi?"

"Mimi nasikia kama ukwaju."

"Mandazi! Nakanda unga kila siku tangu sijaolewa, unidanganye? Katia amira ya mandazi, halafu hakuiacha itulie. Na sukari kaimwaga kama anabembeleza mtoto."

"Basi kama mbaya, nipe mimi niimalize." Fundi akanyoosha mkono kwenye rafu.

"Nani kasema mbaya? Toa mkono wako huo!" Akaisogeza chupa ndani zaidi, nyuma ya dumu la mafuta. "Hii namalizia mwenyewe nikifunga."

Nilikuwa nimeshika tonge la wali na sikulipeleka popote. Baba mdogo alinitazama. Akatazama rafu. Akakohoa.

"Mama, samahani. Aliyeitengeneza ni huyu."

Mama lishe aligeuka bila aibu yoyote, akanipima kuanzia miguuni. "Wewe? Umeingia hapa na shikamoo hukunipa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Amira ya mandazi?"

"Ndiyo."

"Nilisema mimi!" alimwambia fundi. Kisha akavuta kigoda, akakaa mbele yangu. "Sasa sikiliza. Amira unatia mara ya kwanza tu, kwa sababu huna njia nyingine. Ikishaiva, lile zito la chini usimwage. Hilo ndilo litaamsha ya pili, na ya pili itaamsha ya tatu. Kwetu hata pombe ya mtama tunafanya hivyo. Harufu ya mandazi itapotea yenyewe. Na uwe na subira. Ulikaa nayo muda gani?"

"Wiki nne. Na siku tano kwenye chupa."

"Siku tano! Hata ugali wa jana una siku nyingi kuliko hizo."

Nilitoa daftari. Nilimuuliza kuhusu joto, kuhusu vifuniko, kuhusu zito la chini likikaa siku ngapi ndipo huharibika, na kama ndoo ya plastiki ni sawa na mtungi. Alijibu akimenya vitunguu, na pale asipojua alisema, "Hilo sijui, jaribu." Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia "sijui, jaribu" tangu nitoke chuo. Nilijaza kurasa tatu. Nilipoinua kichwa, wali wangu ulikuwa umepoa na fundi alikuwa amekwenda, kwa maana treni ilikuwa inasikika.

Mama lishe aliimimina ile nusu kwenye jagi, akaisuuza chupa na kunipa. "Ukirudi, niletee ikiwa imejaa. Imekaa, lakini. Isiwe ya mbio."

Ndani ya treni nilikaa dirishani na chupa tupu mapajani. Lebo ilikuwa imelowa, lakini mistari mitatu ya katekista ilikuwa imeshika. Baba mdogo alikaa mbele yangu. Tulipovuka daraja la kwanza akaitoa barua, akainyoosha juu ya goti.

"Kwa hiyo Jumatano?"

Ningeweza kumjibu kwa sababu kumi, na zote nilikuwa nazo tayari. "Jumatano nitakuwa nachemsha choya, baba mdogo," nilisema. "Nisamehe."

Aliikunja barua mara mbili. "Mtu kakwambia usoni bidhaa yako inanuka mandazi, na wewe unaona hiyo ndiyo sababu ya kubaki?"

"Ndiyo."

"Sisi wote tulikwambia ni nzuri."

"Ndiyo, baba mdogo."

Akatikisa kichwa, akageuka kutazama mpunga unavyopita. Baadaye kidogo mama, niliyedhani amelala, alisema bila kufumbua macho, "Baba yako mdogo ameniambia. Kumbe zilikuwa za mezani."

Niliigeuza chupa mapajani, lebo ikaelekea dirishani.

"Lakini padri alikuuliza mbele yangu," mama aliendelea, "ukasema zimekwisha kutolewa. Kwa hiyo ulizitoa." Akavuta kanga yake vizuri begani. "Hiyo inayofuata usiiite divai."

Hajaionja mpaka leo. Lakini hakuwahi kuniomba niondoe ndoo chumba cha nyuma.

Miezi kadhaa baadaye, ya pili ilipokuwa imekaa na kutulia na haikuwa na harufu ya unga hata kidogo, nilirudi kwa dada mpiga chapa karibu na soko. Safari hii niliomba lebo mia moja. Alisoma karatasi niliyomwandikia, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu zaidi, akaigeuza tena.

"Dada, umesahau neno la kwanza. Hapa umeandika 'Ya Choya' tu. Nini ya choya?"

"Sijasahau," nilimwambia. "Chapa hivyohivyo. Yote kwa herufi kubwa."